Yurea si Mkojo: Maoni kuhusu Asili na Maana ya Istilahi Moja ya Tiba

Tangu kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, wanaistilahi wetu wamelijadili kwa kirefu swali la kukopa au kuunda. Makala haya hayakusudii kuufufua mjadala huo wote. Yanashika neno moja tu, tena dogo, ambalo huandikwa kila siku katika karatasi za maabara za hospitali zetu na kusomwa na watu wasiojua linataja nini: neno yurea. Ninadai kwamba neno hili limeeleweka vibaya na pande mbili kwa pamoja, yaani wagonjwa wanaolisikia na baadhi ya wanaistilahi wanaotaka kulifasiri, na kwamba kosa la pande zote mbili lina chanzo kimoja.

Nilisukumwa kuandika na jambo la nyumbani. Mjomba wangu, mkulima wa mahindi katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, alipimwa damu katika hospitali moja ambayo haina haja ya kutajwa. Daktari kijana, mwenye haraka kama walivyo wengi wenye foleni ndefu mlangoni, alimwambia kwamba yurea yake imepanda sana. Mjomba aliipokea habari hiyo bila ya kuuliza swali, kwa kuwa neno hilo alilijua vizuri kuliko daktari alivyodhani. Yurea kwake ni mbolea ya kukuzia, ile ya punje nyeupe anayoinyunyiza kwa mkono mahindi yanapofika magotini. Aliporudi nyumbani aliniambia, “Mpwa wangu, hii dawa ya shamba imenipenyea mikononi.” Msimu ule hakutia mbolea. Alikunywa maziwa kwa wingi, kwa kuwa maziwa huaminiwa na wengi kuwa huondoa sumu. Hospitali hakurudi, maana aliona ameshaijua sababu na ameshaiondoa. Aliporejeshwa baada ya miezi miwili alikuwa amevimba miguu na uso, na figo zake zilikuwa zimefika mahali ambapo tiba huwa na machache ya kutoa.

Ni jambo la kuhuzunisha kwamba maziwa yale yalikuwa na protini, na protini ndiyo malighafi ambayo mwili huitengenezea yurea.

Niliposimulia kisa hiki katika semina ya wanafunzi wa uzamili, mmoja wao alisimama na kusema kwamba hilo ndilo tunda la kukopa ovyo. Laiti daktari angetumia neno la Kiswahili, alisema, mzee angeelewa. Nilimwomba anipe neno hilo. Alitoa mawili, chumvi ya mkojo na mkojodamu, na wenzake wakapiga makofi. Nilipouliza ameyapataje, alijibu kwamba amefuata asili ya neno lenyewe, kwa kuwa yurea kwa Kiyunani ni mkojo. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mwanafunzi na mjomba wanasafiri katika jahazi moja. Mjomba alidhani jina la kitu ni mahali anapokionea, yaani shambani. Mwanafunzi naye alidhani maana ya jina ni mahali lilikozaliwa. Ili kuona kosa liko wapi hatuna budi kuifuata historia ya neno hatua kwa hatua, maana katika historia hiyo kuna kinaya ambacho mwanafunzi wangu hakukijua.

Ni kweli kwamba shina la neno ni la Kiyunani, ouron, lenye maana ya mkojo. Ni kweli pia kwamba kitu chenyewe kilitambuliwa kwanza katika mkojo. Mwalimu wa tiba na kemia wa Leiden, Herman Boerhaave, aliyefariki mwaka 1738, alikuwa ameshaueleza mkojo uliochemshwa na kuachwa muda mrefu hadi ukatoa fuwele, na fuwele hizo aliziita kwa Kilatini sal nativus urinae, yaani chumvi asilia ya mkojo. Mwaka 1773 mkemia wa Kifaransa Hilaire-Marin Rouelle naye aliitenga kutoka katika mkojo. Mwishoni mwa karne ya 18 Wafaransa wengine wawili, Fourcroy na Vauquelin, waliichunguza kwa kina na kuipa jina urée. Kutoka katika Kifaransa jina hilo likavaa umbo la Kilatini, likaingia Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya, na kwa njia ya Kiingereza likatufikia sisi. Msomaji ataona kwamba chumvi ya mkojo, neno lililopigiwa makofi katika semina yetu, ndilo lile lile la Boerhaave. Ulaya ilikuwa nalo, ikaliacha, nasi tunataka kuliokota miaka mia tatu baadaye tukidhani tumebuni.

Kwa nini liliachwa? Kwanza kwa sababu kitu hicho si chumvi. Katika kemia chumvi ni zao la asidi na besi, na yurea haimo katika ukoo huo. Lakini sababu iliyo nzito zaidi ya kutolirudia ilikuja mwaka 1821 huko Geneva, ambako Jean-Louis Prévost na Jean-Baptiste Dumas waliwatoa wanyama figo zote mbili kisha wakaipima damu yao. Kama yurea ingekuwa inatengenezwa na figo pamoja na mkojo, basi kwa kuondolewa figo ingekoma. Haikukoma. Ililundikana katika damu. Hivyo ilibainika kwamba figo haziitengenezi bali huitoa tu, na kwamba yurea huwa imeshakuwamo katika damu kabla ya kuwako tone la mkojo. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza katika maabara kutokana na vitu visivyotoka katika kiumbe chochote, akamwandikia mwalimu wake Berzelius kwa furaha kwamba ameipata pasipo kuhitaji figo, iwe ya mtu au ya mbwa. Na mwaka 1932, katika mji wa Freiburg, Hans Krebs na Kurt Henseleit walieleza mzunguko wa hatua ambazo kwazo ini huigeuza amonia, ambayo ni sumu kali, kuwa yurea, ambayo mwili unaweza kuistahimili na kuisafirisha hadi kwenye figo.

Basi kiwanda cha yurea ni ini. Damu ni barabara, figo ni mlango, na mkojo ni chombo cha kuitolea nje. Jina lilitungwa na watu waliosimama nje ya nyumba wakaona kinachotupwa, wakakiita kwa jina la jaa. Hawakukosea kwa ujuzi wa wakati wao. Tatizo ni sisi tunaojua yaliyomo ndani ya nyumba, kisha tukarudi jaani kutafuta maana.

Lugha zilizolibeba jina hilo hazikupata taabu, kwa kuwa msemaji wa kawaida hasomi asili ya neno anapolitumia. Amonia imepata jina lake kutokana na Amun, mungu wa Misri ya kale, ambaye chumvi iliyopatikana karibu na hekalu lake ilihusishwa naye. Mwalimu wa kemia anayetamka amonia darasani hamwabudu Amun. Kreatinini, ambayo katika karatasi za maabara hukaa mstari mmoja chini ya yurea, imetokana na neno la Kiyunani kreas, nyama, kwa sababu Chevreul alikitoa kitu cha ukoo huo, yaani kreatini, katika mchuzi wa nyama mwaka 1832. Sijamsikia mwanaistilahi akipendekeza iitwe uto wa mchuzi. Wala hatuhitaji kwenda mbali. Neno safura ni la Kiarabu, na huko lilitaja umanjano na ile nyongo ya manjano iliyohesabiwa na matabibu wa kale kuwa mojawapo ya vimiminika vinne vya mwili. Likavuka bahari, likatua pwani yetu, na Waswahili wakalitumia kwa maradhi ya kuvimba mwili na kupungukiwa damu yaletwayo na minyoo. Nani alimwuliza Galen ruhusa? Hata hivyo muuguzi wa kijijini akisema safura, mama mwenye mtoto anaelewa na anachukua dawa ya minyoo.

Kwa mintaarafu hiyo, istilahi inayofasiri asili ya neno badala ya kutaja kitu huwa na hatari maalumu. Neno lisiloeleweka humfanya mtu aulize, ilhali neno linaloeleweka vibaya humnyamazisha. Mkojodamu litamnyamazisha mgonjwa kwa sababu lina sura ya kueleweka. Tena si dhana mpya. Tayari wapo wahudumu ambao kwa nia njema huwaambia wagonjwa kwamba mkojo umeingia kwenye damu. Niliwahi kukaa na familia iliyoambiwa hivyo kuhusu bibi yao. Walielewa kwamba kibofu kimepasuka, wakangoja apasuliwe na kushonwa. Aliyewaeleza hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa amerithi fikra iliyomo ndani ya neno la kitabibu la maradhi hayo, ambalo liliundwa Ulaya katika karne ya 19 kwa kuunga Kiyunani cha mkojo na Kiyunani cha damu. Fikra iliyofungwa ndani ya Kiyunani haimdhuru mtu, maana haisomeki. Ikifunguliwa kwa Kiswahili inatembea.

Kuna na suala la adabu, ambalo wanaistilahi hulipita haraka mno. Mkojo si tusi, lakini si neno la kutamkwa kila mahali. Ndiyo maana tuna haja ndogo. Binti hawezi kumwambia baba yake mzazi, mbele ya wakweze, kwamba mkojodamu wake umezidi. Atazunguka, atapunguza, na mwishowe hatasema. Mgonjwa wa figo anahitaji kutaja hali yake mara kwa mara kwa watu wengi, kuanzia mpishi anayempikia hadi dereva anayempeleka kusafishwa damu. Neno analoona haya kulitaja litamtenga na msaada wao. Yurea, pamoja na ugeni wake, halimfedheheshi mtu.

Fauka ya hayo, tiba huhitaji usahihi ambao maneno haya ya kubuni hayawezi kuubeba. Kuna maabara zinazoandika kiasi cha yurea yenyewe, na kuna nyingine zinazoandika kiasi cha naitrojeni iliyomo ndani ya yurea. Vipimo hivyo viwili havilingani. Kwa kuwa naitrojeni ni sehemu 28 tu kati ya 60 za uzito wa yurea, miligramu 20 za naitrojeni ya yurea katika desilita moja ya damu ni sawa na miligramu 43 hivi za yurea nzima. Mgonjwa anayehama kutoka maabara moja kwenda nyingine akiwa na karatasi mbili mkononi anaweza kudhani hali yake imeharibika maradufu kwa wiki moja, au kinyume chake, akafurahia nafuu ambayo haiko. Kwa istilahi za mkopo, yurea na naitrojeni ya yurea, tofauti hiyo husemeka kwa Kiswahili bila ya taabu. Naitrojeni ya mkojodamu ni nini? Sijui, na sidhani aliyelibuni neno anajua.

Sasa nirudi kwa mjomba, kwa kuwa mpinzani wangu ana haki ya kusema kwamba neno la mkopo ndilo lililomponza. Ninakubali kwamba alipotea. Nakataa kwamba alipotezwa na neno. Kwa kweli alikuwa karibu sana na ukweli. Yurea ya gunia na yurea ya damu ni kitu kimoja, chenye atomi zile zile katika mpangilio ule ule. Kiwandani hutengenezwa kwa amonia na kaboni dioksidi chini ya kani na joto kubwa. Ndani ya ini hutengenezwa kwa amonia na kaboni dioksidi vile vile, ila kwa upole na kwa hatua nyingi. Gunia lake liliandikwa naitrojeni asilimia 46, na naitrojeni hiyo ndiyo ile ile ambayo maabara huipima. Hata mfugaji jirani yake anayelowesha mabua makavu kwa maji ya yurea ili ng'ombe wayale wakati wa kiangazi anatumia kitu hicho hicho, kwa kuwa vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huigeuza yurea kuwa protini.

Neno moja linalowaunganisha mkulima, mfugaji na tabibu ni mali. Wakulima wetu wamelishika jina hili la kikemia kwa ukamilifu na hulitamka bila ya kuona kwamba ni la kigeni. Mjomba alikuwa na nusu ya elimu ya ugonjwa wake tayari kichwani, na alichokosa ni sentensi mbili tu. Daktari angeweza kumwambia: “Mzee, ile yurea unayoijua ya shambani, mwili nao huitengeneza kutokana na chakula. Hiyo ya shamba haikukuingia. Hii ni ya mwili wako wenyewe, na figo zimeshindwa kuitoa.” Mkulima anayejua kwamba mbolea ikizidi huunguza mche hana shida ya kuelewa kwamba kitu chenye manufaa kikizidi hudhuru. Tukimpa daktari neno mkojodamu na tukamwachia mkulima neno yurea, tutakuwa tumelikata daraja ambalo wengine wangetamani kulijenga.

Nakumbuka pia onyo lililomo katika historia ya jina la mbolea lenyewe. Hapo zamani wataalamu wa kilimo nchini Tanzania walizijumuisha mbolea zote za viwandani katika jina mbolea za chumvichumvi. Lilikuwa jina zuri sikioni na lilienea. Lakini kwa wakulima wengi liliacha dhana kwamba kinachotiwa shambani ni chumvi, na kwamba chumvi hatimaye huua ardhi. Wanaodhani kwamba istilahi ya wazi haina gharama na walizingatie hilo kabla ya kuipandisha chumvi kutoka shambani hadi kwenye damu.

Limebaki suala la umbo, ambalo kwa wanaisimu si dogo. Wapo wanaoandika urea kwa kufuata tahajia ya Ulaya, na wapo wanaoandika yurea kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Kwa jicho la msomaji wa Kiswahili, urea lina sura ya nomino ya ngeli ya U, kama urefu na uzee. Tayari nimelisikia likivutwa huko, mtu akisema urea wake umezidi, kana kwamba anataja tabia au hali fulani. Sarufi imeshaanza kulitafsiri neno kabla ya kamusi kupata nafasi. Umbo yurea linaingia bila ya ugomvi katika ngeli ya I/ZI pamoja na mikopo mingine ya mada, kama sukari na sumu: yurea imezidi, yurea yake, yurea hiyo. Najua kwamba Waswahili wa Kongo na Burundi, waliosomea sayansi kwa Kifaransa, hawaisikii hiyo y mwanzoni mwa neno, na wanaweza kuuliza kwa nini matamshi ya Kiingereza yawe hoja. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba ninalitetea umbo hilo kwa sababu ya ngeli, na kwa sababu ndilo lililokwisha kukaa kinywani mwa mkulima. Lingekuwa limekaa urea, ningeona vigumu kushindana naye.

Kwa jina la ugonjwa utokanao na kuzidi kwa yurea, sioni faida ya kukopa neno la Kiyunani lenye kosa ndani yake. Kuzidi kwa yurea katika damu kunatosha. Ni kirefu kidogo, lakini kinasema kilichotokea, na hakimpeleki mtu kwenye kibofu.

Ama fasili ya kuingizwa kamusini, ningependekeza ianze na mahali kitu kinapotengenezwa, siyo mahali kilipookotwa mara ya kwanza. Mathalani: yurea nm [i-/zi-] 1. kampaundi yenye naitrojeni inayotengenezwa na ini kutokana na amonia ya protini zilizovunjwavunjwa mwilini, husafirishwa na damu na kutolewa na figo; kuzidi kwake katika damu ni dalili ya figo kushindwa kazi au mwili kukosa maji. 2. kampaundi hiyo hiyo ikitengenezwa kiwandani kwa matumizi ya mbolea au lishe ya ng'ombe. Msomaji ataona kwamba neno mkojo halimo. Nililiweka katika rasimu ya kwanza, baada ya neno figo, nikalifuta, nikalirudisha, kisha nikalifuta tena. Anayetaka kujua neno limetoka wapi ataikuta ouron katika mabano ya asili ya neno, pale ambapo kamusi nzuri huweka mambo kama hayo.